Mashine kifuani haijanipiga hata siku moja, kumbe imefanya kazi mara tatu

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa miaka 44, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Nina watoto wanne. Baada ya kumzaa wa mwisho nilianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, nikaambiwa moyo umetanuka na msuli wake umelegea. Nikapewa dawa, maisha yakaendelea. Mwaka juzi, nikiwa napimisha magunia kwenye mizani, nilianguka. Mimi sikumbuki kitu, ila mwenzangu aliyenishika mkono anasema mapigo yalikuwa yanakimbia hata hayahesabiki. Nilizungushwa hospitali mbili, mwishowe nikafikishwa Dar es Salaam, wakanipandikizia mashine chini ya mtulinga wa kushoto. Ukiipapasa ni kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichokwisha nusu.

Siku ya kuruhusiwa niliambiwa hivi: moyo ukikimbia vibaya, hii itakustua, na wengine husema ni kama kupigwa teke na punda. Mama, tangu siku hiyo naishi nikilingoja teke. Nikibeba ndoo nawaza, hapa hapa. Nikicheka sana nanyamaza.

Teke halijaja. Ila mwezi uliopita nilikwenda kliniki, kijana akaniwekea kile kidude kama kipanya cha kompyuta juu ya kifua, akachapa karatasi, akasema, "Mama, mashine imekusaidia mara tatu." Nikamwambia mbona sikupigwa? Akasema haikuhitaji kupiga, imekata yenyewe. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, hakueleza zaidi. Karatasi ninayo: tarehe 2 Agosti, 21 Agosti na 16 Septemba. Kila moja ina mistari kama meno ya msumeno na imeandikwa mapigo 180. Karatasi za kliniki za nyuma zote zilikuwa hazina tukio.

Ile ya tarehe 21 ndiyo naikumbuka. Ilikuwa saa 10 alfajiri, kipindi cha giza, tunasubiri mitumbwi itoke ziwani. Nilikuwa natoa simu kifuani nimpigie baba watoto, mara kitu kikafurukuta humo ndani kama sato aliyetupwa kwenye mbao za mtumbwi. Nikashika ukingo wa chanja. Kabla sijasema neno kikakata, kama mtu amezima redio. Nikanywa maji, nikanunua ndoo zangu sita, nikarudi.

Sasa nyumbani hakukaliki. Shemeji yangu anasema mashine ni mbovu, ingekuwa nzima ingekuwa imeshanipiga, kwa hiyo nauli za kliniki tunazitupa ziwani. Baba watoto yeye amepokea kivingine. Ni fundi wa injini za boti, plagi imeshamrusha mara nyingi, umeme anauheshimu. Anasema kama kitu kinatoa umeme usiku na mwenyewe sijui, basi siku moja kitamuua yeye akiwa usingizini. Wiki ya tatu hii analala sebuleni kwenye mkeka. Watoto wameanza kuuliza.

Jambo jingine dogo: tangu shule zilipofunguliwa mwezi wa 7 nimekuwa nikikata zile bisoprolol, vidonge vyangu vya moyo, nusu nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, maana ada zilinibana. Naona sijaumwa. Nilitaka kujua kama naweza kuendelea hivyo, ikiwa mashine kweli inafanya kazi. Na kama haifanyi, niitoe?

Mama Dagaa, Kirumba, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, tabia niliyobaki nayo kutoka miaka ya wodini. Nimezungushia duara sehemu mbili. Moja umeiandika kama jambo kubwa, nyingine umeipitisha chini kama jambo dogo. Mimi naona kinyume, na nitafika huko. Kwanza nikuondolee shemeji njiani.

Mashine yako, ambayo madaktari huiita ICD, si mbovu. Ina mguu na ina kidole, na siku ile ya kuruhusiwa ulielezwa habari za mguu peke yake.

Kidole kinafanyaje kazi? Chukua jabali moja kati ya haya yaliyotapakaa kwenye vilima vyetu vya Mwanza, limezungukwa na majani makavu ya kiangazi. Moto ukifika pale hauchomi jiwe, unalizunguka. Kwa kawaida ukimaliza kuzunguka unakuta ulikoanzia pameshaungua, unakosa chakula, unazimika. Sasa fikiria majani yanayoota upya kufumba na kufumbua. Moto unarudi ulikoanzia unakuta majani mapya, unashika raundi ya pili, ya tatu, ya mia. Haukomi tena. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa kwenye moyo uliotanuka. Katika msuli wa vyumba vya chini kuna mahali pamekuwa kovu. Hilo ndilo jabali. Umeme wa moyo wenyewe, ule tuliozaliwa nao, unanasa kulizunguka kovu, na kila mzunguko ni pigo moja la moyo. Mizunguko 180 kwa dakika, wakati moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya 60 na 100. Kwa kasi ile moyo haupati nafasi ya kujaa damu, na mtu anaanguka kwenye mizani.

Wachunga ng'ombe wanajua namna ya kuukomesha moto wa namna ile. Hawapambani nao uso kwa uso. Wanautangulia, wanachoma wenyewe ukanda wa majani mbele yake, moto ukifika unakuta majivu.

Mashine inafanya hivyo hivyo, ila kwa hesabu. Mapigo 180 maana yake kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 333, yaani theluthi ya sekunde. Mashine inapima kwanza. Kisha kupitia ule waya uliolala ndani ya moyo wako inatuma mapigo madogo ya umeme, mara nyingi manane mfululizo, yakiwa na haraka kidogo kuliko moyo unavyokimbia. Mpangilio unaotumika sana ni asilimia 88 ya ule muda, kwa hiyo kwako ni pigo moja kila milisekunde 293. (Daktari wako anaweza kuwa amepanga tofauti, hilo linabadilishwa kwa kompyuta bila kisu.) Pigo la kwanza pengine linafika ukanda haujaota majani, halifanyi kitu. La pili linausogelea moto zaidi, la tatu zaidi, mpaka moja linaingia penyewe kwenye ule upenyo wa majani mapya na kuyachoma kabla moto haujafika. Mzunguko umekatika. Mapigo yote manane huchukua kama sekunde mbili na nusu. Baada ya hapo mashine inanyamaza na kusikiliza kama moyo umerudi kwenye mwendo wake. Shemeji atakuwa bado hajamaliza kusema "mashine mbovu".

Ndiyo maana ulisema "kama mtu amezima redio". Umeeleza vizuri kuliko vitabu nilivyosomea. Mwendo wa aina hii haupungui polepole. Unakatika.

Na kwa nini hukuhisi pigo? Kwa sababu ni dogo mno. Volti chache tu, kama za betri za tochi, zinaingia moja kwa moja kwenye msuli wa moyo na kuishia hapo. Mguu, yaani ule mstuko mkubwa, unaweza kufika juli 35 au zaidi, nguvu iliyozidi ile ya pigo moja dogo kwa zaidi ya mara laki moja. Ule huwezi kuukosa. Ukija utajua umekuja, na jirani yako atajua.

Mashine za mwanzo hazikuwa na kidole. Mgonjwa wa kwanza kabisa alipandikizwa Februari 1980 katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, kazi ya daktari Michel Mirowski na wenzake. Mirowski alilibeba wazo hilo tangu mkuu wake wa kazi alipokufa kwa ugonjwa kama huu wako, miaka ya 1960. Chombo chenyewe kilikuwa kikubwa kiasi cha kuwekwa tumboni, na kilijua jambo moja tu, kustua. Watu waliokolewa, kisha wakaishi kama ulivyoishi wewe miaka hii miwili, wakinyamaza katikati ya kicheko. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 634 ambao uliangalia mbio kali zaidi za moyo, mapigo kati ya 188 na 250. Kidole peke yake kilizikata kiasi cha saba kati ya kumi. Mbio za 180 kama zako ziko chini kidogo ya hapo, na za polepole ndizo rahisi zaidi kwa kidole.

Hesabu inayobaki ni tatu katika kumi, na sitaki uisahau. Mara nyingine kidole kinashindwa, na mara chache kinauchochea moto uende mbio zaidi. Tena kuna mwendo mwingine, ambao moyo hauzunguki popote, unatetemeka tu ovyo kama dagaa kwenye ndoo. Pale hakuna mzunguko wa kukata na kidole hakina kazi. Ndiyo maana mguu upo. Mashine inajaribu, inasikiliza, inajaribu tena, ikishindwa inapiga. Kwa hiyo jibu la kuitoa ni hapana, na jibu la nauli za kliniki ni hilo hilo.

Sasa niende kwenye duara la pili.

Umeandika kwamba karatasi za nyuma zote hazikuwa na tukio. Umeandika kwamba mwezi wa 7 ulianza kukata vidonge nusu. Halafu ukaniandikia tarehe: 2 Agosti, 21 Agosti, 16 Septemba. Mwanangu, zisome tena hizo sentensi zako tatu kwa mfuatano.

Sikuambii nina hakika. Daktari wako ndiye atakayesema baada ya kukupima. Lakini ningekuwa bado zamu, nisingekuruhusu utoke mlangoni bila kulizungumza hili. Mashine kazi yake ni kuzima moto ukishawaka. Kuyaweka majani yawe mabichi ili yasishike moto ni kazi ya vidonge, na vya aina ya bisoprolol vina tabia mbaya ya ziada: ukivipunguza au kuviacha ghafla, moyo unalipiza. Unasema hujaumwa. Hujaumwa kwa sababu kuna kitu kimekufanyia kazi mara tatu bila kukuamsha. Huo ndio ubaya pekee wa kidole, kinakupa usingizi mzuri kiasi cha kudhani umepona.

Kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii, ukiweza kesho, umwambie daktari kwa mdomo wako kwamba umekuwa ukinywa nusu na tangu lini. Usirudishe dozi nzima kwa kukisia, yeye atakuelekeza urudi nayo vipi. Usione aibu. Nimeona wanawake wengi wakificha jambo hili la ada na vidonge, na daktari anaongeza dawa ya pili akidhani ya kwanza imeshindwa, kumbe ya kwanza hainywewi inavyotakiwa. Kama tatizo ni pesa, kabla ya kuondoka ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo kwa ajili ya watu wa hali hii, ila haitakufuata kwenye benchi.

Ukiwa huko, waombe wapime potasiamu na magneziamu kwenye damu. Zikishuka, moyo kama wako unakuwa kiberiti. Zinashushwa na dawa za kukojoza maji mwilini na zinashushwa na kuhara, na sisi wa kando ya ziwa tunajua msimu wa mvua tumbo linavyotusumbua. Ukihara siku nzima, usikae nyumbani ukijikaza. Ukipata malaria vilevile, kabla hujapewa dawa mseto onyesha kadi ya mashine na orodha ya dawa zako, maana baadhi ya dawa za malaria na hata baadhi ya antibayotiki huugusa umeme wa moyo.

Kuhusu mkwe wangu wa kwenye mkeka.

Mwambie yale mapigo madogo hayatoki nje ya moyo wako. Akulalie kifuani, akukumbatie, hatahisi kitu. Hata mguu wenyewe ukija akiwa amekushika, kinachoweza kumfikia ni mtekenyo, au kustuka kwa sababu wewe umestuka. Hauui mtu wa pembeni. Plagi inayomrusha huko kwenye injini inatoa maelfu ya volti na bado anarudi kazini kesho yake, iweje aogope kidole chenye volti za betri za tochi? Na ukianguka siku moja, namtaka yeye ndiye wa kwanza kukugusa: akugeuze, aite watu, na kama hupumui aanze kukukandamiza kifua bila kungoja mashine imalize. Hilo tendo jingine la mume na mke, ambalo hukuliandika lakini nimelisoma, linaruhusiwa kwa mtu aliyetulia anayepanda ngazi bila kuhema. Uliza tu siku ile ya kliniki, watu wa wodi ya moyo wameshasikia yote.

Ila naye kuna lake la kuzingatia. Asikuite umshikie tochi ukiwa umeinamia injini inayounguruma au jenereta, na wakichomelea vyuma kaa mbali nao. Hatua moja kutoka kwenye injini inatosha. Kwa mashine ya kuchomelea sogea zaidi.

Na hapo ndipo simu inapoingia. "Nilikuwa natoa simu kifuani." Najua, sote sokoni tunaweka humo, upande wa kushoto na noti juu yake. Kwako upande huo una mwenyewe. Simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye mashine, na ukiongea tumia sikio la kulia. Baadhi ya simu za siku hizi zina sumaku ndani, na sumaku ikikaa juu ya mashine yako inaweza kuifanya iache kuangalia mbio za moyo kwa muda wote iliyokaa hapo. Haitapiga wala haitatekenya. Spika kubwa za sherehe nazo zina sumaku, usiziegemee. Noti acha humo humo, hazina sumaku. Simu tia kwenye mkoba wa kiunoni.

Ukienda visiwani kununua mzigo, usipande mtumbwi bila jaketi la kujiokolea, na mwenye chombo ajue una nini. Nchi kavu ukizimia sekunde kumi unaamka na vumbi mdomoni. Majini ni habari nyingine.

Teke likija siku moja, usihangaike na maneno ya watu. Likiwa moja na unajisikia vizuri, wapigie kliniki siku hiyo hiyo. Yakiwa mawili au zaidi, au moja na unajisikia vibaya, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama mitumbwi ndiyo inaingia. Na mashine ikilia au kutetemeka yenyewe bila moyo kukimbia, inaita kliniki, mara nyingi kwa habari ya betri au waya. (Kidole hakili betri kama mguu, hiyo ni faida nyingine.)

Kwa kijana wa foleni nina neno, ingawa hatalisoma. "Imekusaidia mara tatu" ni sentensi ya mtu anayeijua mashine. Wewe ulihitaji dakika mbili zaidi, na dakika mbili hizo zingemrudisha mwanaume kitandani wiki tatu zilizopita. Siku ukienda, shika ile karatasi, weka kidole kwenye meno ya msumeno, uliza: hapa ndipo palipowaka? Hapa ndipo palipokatwa? Utayaona mapigo manane yamepangana sawasawa, kisha nafasi tupu kidogo, kisha mapigo yako ya kawaida. Mchukue baba watoto muende wote, fundi anajua kusoma alama kama hizo kuliko sisi.

Mkeka wenyewe akitoka nao sebuleni aulete Mwaloni. Jua la wiki hii ni zuri, na ndoo sita ni dagaa wengi.